Ifuate Protoni Moja: Namna ya Kuzitambua Jozi za Asidi na Besi

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu na wazazi wao, siku ya sayansi ya shule

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, wakubwa zangu shikamooni. Wanangu wa kidato cha tano na cha sita, hamjambo. Ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nichague jambo moja la kemia nilizungumze kwa kina. Nimechagua lile ambalo kila mwaka, nikikaa kusahihisha karatasi, naliona likiwakosesha alama watoto wenye akili nzuri: kutambua jozi za asidi na besi mwenza, yaani vitu viwili vinavyotofautiana kwa protoni moja tu, H⁺. Swali lenyewe ni fupi. Mwanafunzi anapewa mlinganyo wa mmenyuko, anaambiwa ataje asidi na besi mwenza wake, kisha besi na asidi mwenza wake. Halina hesabu, halihitaji kikokotoo, halina mchoro. Hata hivyo utamkuta mtu aliyekokotoa ukurasa mzima bila kukosea anafika hapo anaandika jozi isiyokuwepo.

Nimelitafakari sana jambo hili, na ninaamini kosa haliko kwa watoto. Liko katika swali tunalowafundisha kujiuliza. Tunawazoesha kuuliza, “Hiki ni asidi au ni besi?” Wakishalizoea wanaanza kukariri orodha: hizi ni asidi, hizi ni besi. Siku maji yanapokuja mbele yao, kwenye mlinganyo mmoja yakiwa asidi na kwenye unaofuata yakiwa besi, orodha inawatupa mkono. Swali linalofaa ni jingine kabisa: katika mmenyuko huu, protoni imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani? Mwenye kulijibu hilo hana tena haja ya orodha.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1884 Svante Arrhenius, kijana wa Kiswidi, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, akichunguza jinsi mimumunyo inavyopitisha umeme. Maprofesa wake waliipa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kutokana na kazi yake tulipata maelezo ambayo bado tunawaanzia nayo wanafunzi wadogo: asidi ni kile kinachotoa ioni za haidrojeni majini, besi ni kile kinachotoa ioni za haidroksidi majini.

Maelezo hayo yanafaa sana kwa asidi ya haidrokloriki na kwa soda kostiki. Yanakwama kwa amonia. Amonia ni NH₃. Igeuze utakavyo, haina oksijeni ndani yake. Hiyo haidroksidi itaitoa wapi? Tena hata maji haiyahitaji. Fungua chupa ya amonia kali karibu na chupa ya asidi ya haidrokloriki kali, utaona moshi mweupe ukijitunga hewani katikati ya chupa hizo mbili. Ni chembe za amoniamu kloridi. Gesi mbili zimekutana, asidi na besi zimemalizana, na hakuna aliyezitia kwenye bilauri ya maji.

Mwaka 1923 watu wawili, kila mmoja kivyake, walipata njia ya kulisema jambo hili vizuri zaidi: Johannes Brønsted aliyekuwa Copenhagen, Denmark, na Thomas Lowry aliyekuwa Cambridge, Uingereza. Wakasema: asidi ni kinachotoa protoni, besi ni kinachopokea protoni. Basi. Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Ikinyang’anywa elektroni yake, kinachobaki ni protoni tupu, ndiyo ile tunayoiandika H⁺. Protoni tupu haizururi peke yake kwenye maji. Hujishikiza kwenye molekuli ya maji, ikawa H₃O⁺, ioni ya haidroniamu.

Naomba mlione linalofuata kutoka kwenye maneno hayo machache. Hakuna mkopeshaji mahali pasipo na mkopaji. Na vivyo hivyo hakuna asidi mahali pasipo na besi ya kupokea. Asidi ni cheo cha muda ndani ya tendo. Na kitu kilichokwisha kutoa protoni sasa kina nafasi ya kuipokea tena, kwa hiyo kimekuwa besi. Kitu kilichopokea sasa kinayo ya kutoa, kwa hiyo kimekuwa asidi. Hizo ndizo jozi zetu. Asidi na besi mwenza wake ni kitu kimoja katika hali mbili: kabla ya kutoa protoni moja, na baada ya kuitoa.

Naandika ubaoni siki, maana majumbani mnayo:

CH₃COOH + H₂O ⇌ CH₃COO⁻ + H₃O⁺

Weka kidole kwenye CH₃COOH, kushoto. Sasa uliza: upande wa kulia ni kipi kinachofanana nayo isipokuwa kwa haidrojeni moja? Ni CH₃COO⁻. Iliyo na haidrojeni hiyo ni asidi, isiyo nayo ni besi mwenza. Jozi ya kwanza imekamilika. Hamisha kidole kwenye H₂O. Kulia, kinachofanana na maji isipokuwa kwa haidrojeni moja ni H₃O⁺. Safari hii iliyo na haidrojeni ya ziada iko kulia, kwa hiyo maji yalikuwa besi, na H₃O⁺ ni asidi mwenza wake. Jozi ya pili imekamilika. Katika kila mmenyuko wa namna hii jozi ni mbili, na kila jozi inavuka mshale: mmoja yuko kushoto, mwenzake yuko kulia. Ukijikuta umeoanisha vitu viwili vya upande mmoja, futa.

Halafu hakikisha kwa chaji. Protoni ina chaji chanya moja, kwa hiyo anayeitoa chaji yake hushuka kwa moja, na anayeipokea chaji yake hupanda kwa moja. Siki: kutoka sifuri kwenda hasi moja. Maji: kutoka sifuri kwenda chanya moja. Wengi wanaondoa haidrojeni wakasahau chaji, wakaandika CH₃COO bila alama yoyote juu. Mimi hapo natoa sifuri, na sitabadilika, kwa sababu CH₃COO bila chaji ni kitu kingine kabisa.

Mwanafunzi makini ataniuliza: hiyo CH₃COOH ina haidrojeni nne, kwa nini itoke hiyo ya mwisho na si moja ya zile tatu za mwanzo? Ni swali zuri kuliko swali la mtihani. Zile tatu zimeshikwa na kaboni, na kaboni haizivuti elektroni kwa nguvu. Ile ya nne imeshikwa na oksijeni, ambayo inavuta elektroni za kifungo upande wake na kuiacha haidrojeni ikiwa nusu uchi. Tena protoni ikishaondoka, chaji hasi inayobaki inagawanywa kati ya oksijeni mbili, haikai mahali pamoja. Hiyo ndiyo inayotoka. Kwa hiyo usihesabu haidrojeni kwenye fomula tu. Angalia imeshikwa na nani.

Sasa amonia:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Fuata protoni. NH₃ imekuwa NH₄⁺, imepokea, ni besi. H₂O imekuwa OH⁻, imetoa, ni asidi. Maji yaleyale ambayo mstari uliopita yalikuwa besi. Ukiulizwa, “Maji ni asidi au besi?” jibu la haki ni, “Yamekutana na nani?” Mbele ya siki hupokea, mbele ya amonia hutoa. Na yakiwa peke yake, molekuli moja ya maji humpa mwenzake protoni, kwa kiasi kidogo mno: kwenye nyuzi 25, zao la viwango vya H₃O⁺ na OH⁻ ni 1.0 × 10⁻¹⁴.

Hapo hapo pana mtego unaowanasa wengi. H₃O⁺ na OH⁻ si jozi ya wenza. Zinatokea pamoja, zinatajwa pamoja, lakini tofauti yake ni protoni mbili. Vilevile H₂SO₄ na SO₄²⁻ si jozi. Besi mwenza wa H₂SO₄ ni HSO₄⁻, na besi mwenza wa HSO₄⁻ ni SO₄²⁻. Ni hatua mbili, na tofauti ya hatua hizo ni kubwa: protoni ya kwanza majini hutoka yote, ya pili hutoka kwa sehemu tu. Ukiruka hatua ya kati umeficha kemia yenyewe. Protoni moja, wanangu. Moja.

Na ukikuta sodiamu, potasiamu au kloridi zimesimama pande zote mbili za mlinganyo bila kubadilika, zitoe kabla hujaanza kutafuta jozi. NaHCO₃ na HCl zinapokutana, sodiamu haina la kufanya humo.

Nije kwenye nguvu, maana hapa kuna msemo tunaowapa wanafunzi ambao nusu yake inapotosha. Tunawaambia: asidi kali ina besi mwenza hafifu, na asidi hafifu ina besi mwenza kali. Nusu ya kwanza ni sahihi. HCl majini hutoa protoni zake zote, na Cl⁻ inayobaki haina hamu hata kidogo ya kuzirudisha. Ndiyo maana chumvi ya mezani ukiitia kwenye maji haibadilishi pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Lakini nusu ya pili si kweli kama inavyosemwa. Asidi ya siki ni hafifu, Ka yake, yaani kipimo cha nguvu ya asidi, ni 1.8 × 10⁻⁵. Tumia kanuni ya wenza, kwamba Ka mara Kb ni 1.0 × 10⁻¹⁴, utapata Kb, yaani kipimo cha nguvu ya besi, ya CH₃COO⁻ kuwa 5.6 × 10⁻¹⁰. Kuna mtu hapa atakayeita besi hiyo kali? Ni hafifu, tena sana. Kinachotakiwa kusemwa ni kwamba kadiri asidi inavyozidi kuwa hafifu, besi mwenza wake huzidi kupata nguvu. Na asidi hafifu kwa kawaida ina besi mwenza iliyo hafifu pia. Nawaomba walimu wenzangu, kwa heshima, tuuache msemo ule. Watoto wanauamini, wanakwenda nao chuoni.

Kwa upande mwingine kabisa ipo O²⁻, ioni ya oksidi, besi yenye nguvu ambayo maji hayawezi kuiacha salama. Ndugu zetu wa pwani wanaijua bila kuiita hivyo. Kwa karne nyingi, Kilwa, Lamu, Unguja, mawe ya matumbawe yalichomwa ili kupata chokaa ya kujengea. Moto huondoa kaboni dayoksaidi na kuacha CaO. Ukiimwagia maji inatokota kwa joto lake yenyewe, na kinachotendeka ni hiki:

O²⁻ + H₂O → OH⁻ + OH⁻

Hili ni swali nililipenda tangu nilipokutana nalo, kwa sababu vitu viwili vya kulia vinafanana kabisa. Jozi ziko wapi? Fuata protoni. O²⁻ imepokea moja ikawa OH⁻. Hiyo OH⁻ ni asidi mwenza wa oksidi. H₂O imetoa moja ikawa OH⁻. Hiyo OH⁻ ni besi mwenza wa maji. Ioni moja, majina mawili, kutegemea ilikotoka. Mwanafunzi wa orodha hawezi kulijibu swali hili. Mwanafunzi anayefuata protoni haoni ugumu.

Sasa nifike pale nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo, kwenye magadi.

Wazazi mnayajua. Yananunuliwa sokoni, yanatiwa kwenye maharage yaive upesi, yanatiwa kwenye mlenda. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa: Natron kwetu, kaskazini mwa Arusha, na Magadi ng’ambo ya mpaka, Kajiado nchini Kenya. Kusini mwa Ziwa Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo lava yake imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Hakuna volkano nyingine hai inayojulikana duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Mvua na chemchemi za moto hubeba chumvi za miamba ya bonde hilo hadi ziwani, jua kali linakausha maji, chumvi inabaki. Kule Magadi imejilimbikiza tabaka kwa tabaka, na tangu kampuni ya kuichimba ilipoanzishwa mwaka 1911 imekuwa ikichotwa kwa ajili ya viwanda, vya kioo hasa.

Fuwele hiyo wataalamu wanaiita trona, na fomula yake ndiyo iliyonifanya niipende: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Itazameni polepole. Ondoa sodiamu, ondoa maji. Vinavyobaki ni CO₃²⁻, kaboneti, na HCO₃⁻, baikaboneti. Tofauti yake ni protoni moja. Jozi kamili ya asidi na besi mwenza, imekaa ndani ya jiwe moja, moja kwa moja, idadi sawa. Mama yenu akiweka magadi kiganjani ameishika jozi nzima.

Na HCO₃⁻ ina mengi zaidi. Ikitoa protoni inakuwa CO₃²⁻. Ikipokea inakuwa H₂CO₃. Kwa hiyo imo ndani ya jozi mbili: kwenye moja ni asidi, kwenye nyingine ni besi. Mkiona swali linasema, “Taja asidi mwenza na besi mwenza wa HCO₃⁻,” msishtuke kwamba yameombwa majibu mawili. Kule kiwandani inafanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Trona inapochomwa kupata magadi makavu ya kiwandani, HCO₃⁻ moja inampa jirani yake protoni. Aliyetoa anabaki CO₃²⁻. Aliyepokea anakuwa H₂CO₃, ambayo haidumu, inavunjika kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Andika kwa ukamilifu:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Hesabu atomu, utaona zimelingana. Ndiyo inayotokea pia kwenye unga wa keki uliotiwa baikaboneti ukiingia ndani ya joto: HCO₃⁻ na HCO₃⁻ zinapeana, gesi inatoka, keki inapanda.

Jozi hizi unaweza kuziona kwa macho maabara. Yeyusha magadi safi kwenye maji, tia matone mawili ya fenolthalini, kiashiria kinachobadili rangi kulingana na pH. Mmumunyo unakuwa rangi ya waridi. Sasa teremsha asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti, ule mrija wenye alama za ujazo, polepole. Waridi inapotoweka, kila CO₃²⁻ imepokea protoni moja na kuwa HCO₃⁻. Soma bureti, andika. Tia methili orenji, kiashiria kingine, itakuwa njano. Endelea kuteremsha mpaka njano ianze kuelekea wekundu. Hapo kila HCO₃⁻ imepokea protoni na kuwa H₂CO₃, na mapovu mnayaona wenyewe. Soma bureti tena.

Kama ulichoyeyusha ni Na₂CO₃ tupu, ujazo wa pili ungelingana na wa kwanza, kwa sababu kila kaboneti ilihitaji moja kufika hatua ya kwanza na moja tena kufika ya pili. Kwenye trona ujazo wa pili ni mara mbili ya wa kwanza. Ukitumia sentimeta za ujazo 10 kwanza, utatumia 20 baadaye. Kwa nini? Kwa sababu kwenye hatua ya pili wanaosubiri protoni ni HCO₃⁻ waliotokana na kaboneti, pamoja na HCO₃⁻ waliokuwemo ndani ya jiwe tangu mwanzo, na idadi yao inalingana. Bila kifaa cha gharama yoyote, mtoto wa kidato cha sita ameisoma fomula ya jiwe la Bonde la Ufa kwa bureti. Mimi sijui jaribio la shule linaloshinda hilo kwa uzuri. Na hata methili orenji yenyewe ni jozi ya wenza: umbo lake jekundu lina protoni moja zaidi ya umbo lake la njano. Tunaitumia jozi moja kuichungulia nyingine.

Jozi ikikaa pamoja kwa wingi, pH haiyumbi kirahisi. Ukiongeza asidi, besi mwenza anaipokea. Ukiongeza besi, asidi mwenza anaitolea. Maji ya Natron na Magadi yana pH ya 10 hivi, wakati mwingine zaidi, na jozi ya HCO₃⁻ na CO₃²⁻ ndiyo inayoishikilia hapo. Damu zenu zinatumia jozi ya jirani, H₂CO₃ na HCO₃⁻, kubaki kati ya 7.35 na 7.45. Ni familia ileile ya kaboneti, hatua moja chini.

Na ndani ya maji hayo makali anaishi samaki. Ni mdogo, wa jamii ya perege, kisayansi Alcolapia grahami, anakaa kwenye chemchemi za moto pembeni mwa Ziwa Magadi, kwenye maji yanayoweza kupita nyuzi 40. Nataka tumtazame kwa sababu maisha yake yote yameamuliwa na jozi moja ya wenza, NH₄⁺ na NH₃.

Samaki wengi wakila protini hutoa mabaki yake kama amonia kupitia mashavu. NH₃ haina chaji, inapita kwenye utando wa seli kwa urahisi. Ikifika nje, kwenye maji ya kawaida yenye pH ya 7, inapokea protoni na kuwa NH₄⁺, yenye chaji, ambayo hairudi ndani kirahisi. Samaki amejitakasa bila jasho. pKa ya NH₄⁺, yaani pH ambapo nusu ni NH₄⁺ na nusu ni NH₃, ni 9.25 kwenye nyuzi 25. Pigeni hesabu: kwenye pH ya 7, iliyobaki kama NH₃ haifiki asilimia moja. Kwenye pH ya 9 ni zaidi ya theluthi. Kwenye pH ya 10 ni asilimia 85 hivi. Maana yake, kule Magadi nje ya shavu la samaki hakuna wa kumpa amonia protoni. NH₃ ingebaki NH₃, ingerundikana damuni, naye angekufa kwa sumu yake mwenyewe. Mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba samaki huyu ameiacha njia ya amonia kabisa. Anageuza mabaki yake kuwa urea, kama tufanyavyo sisi, ndipo anayatoa.

Wazazi wenye mabwawa ya sato na perege, hapa naomba masikio yenu. Sumu kwenye bwawa ni NH₃. NH₄⁺ ina madhara madogo zaidi. Kipimo cha amonia cha dukani mara nyingi kinawapa jumla ya zote mbili. Bwawa lililogeuka kijani kwa mwani, mchana wa jua kali mwani unanyonya kaboni dayoksaidi na pH inapanda, inaweza kutoka 7 ikafika 9. Jumla ya amonia haijabadilika hata kidogo, lakini sehemu yake iliyo sumu imeongezeka zaidi ya mara 60. Asubuhi samaki wazima, alasiri wanaelea. Pimeni pH mchana, msipime asubuhi tu, na siku pH iko juu punguzeni chakula. Ushauri huo wote umetoka kwenye jozi ya wenza ambayo mwanenu ameulizwa kwa alama mbili.

Kwa kupita tu: wazee wanaosaga ugoro huchanganya tumbaku na magadi. Nikotini nayo ni besi, na kwenye tumbaku nyingi yake imeshika protoni. Magadi yanaichukua protoni hiyo, nikotini inabaki bila chaji, inapenya kwenye utando wa pua na mdomo kwa kasi. Ni utando uleule, sheria ileile ya chaji kama kwenye shavu la samaki. Nawaeleza mjue kwa nini ugoro unamshika mtu haraka na kwa nini ni vigumu kuuacha. Msiuanze.

Nimesema vya kutosha; sasa ni zamu yenu. Ubaoni nimeandika vitu vitatu. HPO₄²⁻: taja asidi mwenza wake na besi mwenza wake. [Al(H₂O)₆]³⁺, ambayo inapatikana mkiyeyusha shabu ya kusafishia maji: mmumunyo wake ni wa asidi, basi tafuteni protoni inatoka wapi wakati aluminiamu yenyewe haina haidrojeni, kisha andikeni besi mwenza na chaji yake. Na 2NH₃ ⇌ NH₄⁺ + NH₂⁻, inayotokea ndani ya amonia iliyogandamizwa ikawa kimiminika: tajeni jozi zote mbili. Majibu mpeni mwalimu wa maabara.

Kisha tuingie maabara. Magadi nimeyaleta, ni ya sokoni, hayakusafishwa, kwa hiyo ujazo wenu wa pili hautakuwa mara mbili kamili ya wa kwanza. Kila kundi lipige hesabu, lijue katika magadi yake kipi kimezidi, CO₃²⁻ au HCO₃⁻, na kwa kiasi gani. Miwani za kinga ziko mezani, bureti zimeshaoshwa. Karibuni.